Ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park: kisa cha 1989 na siasa za maendeleo

Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ya Kenya iliazimia kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo ukingoni mwa katikati ya jiji la Nairobi. Lingekuwa jengo refu kuliko yote barani Afrika. Humo zingekaa ofisi za makao makuu ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, pamoja na gazeti la chama, Kenya Times. Kungekuwa na kumbi za mikutano, maduka, na maegesho ya magari 2,000. Mbele yake ingesimama sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ingekopwa nje.

Jengo halikujengwa. Aliyeongoza kulipinga ni Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, na kwa hiyo wengi wetu tumekipokea kisa hiki kama kisa cha mazingira: mama jasiri alisimama, bustani ikaokoka. Hayo ni kweli. Lakini mimi nakichambua kwa sababu nyingine. Ukifuatilia hoja zilizotolewa na kila upande katika miezi ile michache, unaona wazi jinsi fikra ya maendeleo ya kiuchumi ilivyokuwa imeshika usukani wa siasa ya nchi, mpaka hata aliyeupinga mradi ikambidi apite mlango uleule ndipo asikilizwe.

Mahali penyewe

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Ina ukubwa wa karibu hekta 13, ikipakana na Uhuru Highway upande mmoja na mteremko wa kuelekea Upper Hill upande wa pili. Anayeijua Nairobi anajua shughuli zake. Saa saba mchana, siku ya kazi, nyasi hujaa watu waliojinyoosha: karani wa ofisi aliyekwepa bei ya hoteli za mjini, kijana mwenye bahasha ya kaki yenye vyeti aliyetembea kutoka Kibera kutafuta kibarua na hajapata. Wahubiri wanahubiri. Wapiga picha wanawazungukia wapenzi na familia zilizotoka mashambani kumtembelea ndugu. Watoto wanalilia mashua za kwenye bwawa. Hakuna anayekuuliza umetumwa na nani, wala hulazimiki kununua kitu ndipo ukae.

Sehemu za namna hiyo ni chache Nairobi, na hata mwaka 1989 vipande kadhaa vya bustani hiyo vilikuwa vimeshamegwa. Jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulisahau ni kwamba jiji lenyewe halikuwa na baraza lililochaguliwa na wakazi. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983, na mpaka mwaka 1992 jiji liliendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali. Kwa hiyo mradi ulipotangazwa, mkazi wa Eastleigh au Kawangware hakuwa na diwani wa kumbana, wala meya wa kumwondoa kwa kura. Bunge nalo lilikuwa la chama kimoja, lililotokana na uchaguzi wa 1988, ule ambao wapigakura walipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea na watu wakauita mlolongo. Baadhi ya wenye foleni ndefu walitangazwa wameshindwa, na wengine wenye foleni fupi wakaenda Bungeni.

Miezi mitatu

Habari zilimfikia Wangari kupitia mwanafunzi wa sheria aliyekuwa amesikia mpango huo. Akaandika barua. Aliandika Kenya Times, akaandika Ofisi ya Rais, akaandika tume ya jiji, mkuu wa mkoa, wizara ya mazingira, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyo Nairobi. Alichouliza kilikuwa rahisi: je, ni kweli, na kama ni kweli, nani ameidhinisha? Serikali haikumjibu moja kwa moja. Majibu yalikuja kupitia magazeti na Bungeni.

Mwezi Novemba wabunge waliacha shughuli zao za siku wakamjadili kwa dakika 45. Mmoja wao alishangaa ni vipi kundi la wanawake walioachika linathubutu kukosoa jengo kama hilo. Wangari alikuwa ametalikiana na mumewe, na nchi nzima ilijua. Katikati ya mwezi huohuo ardhi ikaanza kuchimbwa, na ua likazungushwa. Akaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia ujenzi. Tarehe 11 Desemba, Jaji Dugdale alilitupa ombi lake. Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Jamhuri, na katika hotuba yake palepale Uhuru Park, Rais alisema wanaopinga jengo wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika humheshimu mwanamume na kunyamaza. Baadaye Green Belt Movement ikapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali iliyokuwa imeitumia kwa miaka. Wafanyakazi walibeba mafaili wakahamia nyumbani kwa Wangari, South C.

Maendeleo ya Wanawake, jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa mwaka 1952 chini ya serikali ya kikoloni na kuunganishwa na KANU mwaka 1987, nayo ilijitokeza kumlaani.

Hoja za serikali zilisemaje hasa

Ukiyaweka pembeni matusi, hoja zilikuwa tatu. Jengo lingeipa nchi hadhi. Lingeleta kazi na biashara. Na wawekezaji wa nje walikuwa tayari, jambo lililochukuliwa kuwa ushahidi kwamba mradi ni mzuri; miongoni mwa washirika wa KANU katika Kenya Times alikuwemo Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza. Kutokana na hizo tatu ikazaliwa ya nne, ambayo ndiyo iliyofanya kazi kubwa: anayepinga jengo anapinga maendeleo, na anayepinga maendeleo anampinga mwananchi.

Hoja hiyo ya nne inahamisha mambo kinyemela. Swali la Wangari lilikuwa la mamlaka. Ardhi hii ni ya umma, je, umma umeulizwa? Jibu lililotolewa lilikuwa la uchumi: jengo litatunufaisha. Swali la kwanza halikujibiwa, lilifukiwa. Tena mtu yuleyule aliyelisifu jengo kama alama ya usasa, katika hotuba ileile alitumia mila kumnyamazisha mwanamke. Usasa ulihitajika kwenye saruji, haukuhitajika kwenye haki ya kuuliza. Sioni hapo kuchanganyikiwa. Naona mpangilio uliokuwa umejengeka kwa miaka mingi, ambapo maendeleo ni kitu ambacho serikali inafanya, na kazi ya mwananchi ni kukipokea na kushukuru.

Mpangilio huo haukuanza na Moi. Tukirudi nyuma kidogo tutauona ukitengenezwa.

Fikra hii ilitoka wapi

Kabla ya miaka ya 1930 serikali ya kikoloni haikujisumbua sana kuahidi kuinua hali za watu. Ilitaka utulivu, kodi ya kichwa na vibarua, na kipande, yaani pasi ya kazi, shingoni kuhakikisha vibarua hawatoroki. Migomo ndiyo iliyobadilisha mambo. Visiwa vya Karibi viliwaka katika miaka ya 1930, Mombasa ikagoma mwaka 1939, na London ikaona kwamba himaya isiyo na ahadi haitadumu. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940 ilikuwa sehemu ya jibu. Mwaka 1949 Rais Harry Truman wa Marekani, alipoapishwa, aliigawa dunia kwa kuzitaja nchi zilizo nyuma kiuchumi na akaahidi kuzisaidia kwa ujuzi na mitaji. Kuanzia hapo kipimo cha serikali kikawa kimoja karibu kila mahali: uchumi unakua au haukui?

Nairobi iliyaonja haya kwa ukali wake. Tarehe 30 Machi 1950 ilipewa hati ya kifalme ya kuwa jiji, kwa sherehe na gwaride. Mwezi Mei mwaka huohuo wafanyakazi wa Nairobi waligoma baada ya viongozi wao Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Miaka minne baadaye, Aprili 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, jeshi lilizingira jiji na kuwakusanya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, likawapeleka kizuizini. Mwaka huohuo serikali ilitoa mpango wa kilimo unaojulikana kwa jina la Swynnerton, afisa aliyeuandika: hatimiliki za ardhi kwa mtu mmojammoja, kahawa kwa Mwafrika, ng'ombe wa maziwa, mikopo. Watu walikuwa wameingia msituni wakidai ardhi na uhuru. Walipewa risasi na kambi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mpango wa kuongeza mazao. Mpango huo ulifanya kazi, na hilo lazima lisemwe. Kipato cha wakulima wadogo kilipanda. Lakini uliandikwa makusudi ili pawe na mkulima mwenye kitu cha kupoteza, asiyetaka tena kuuliza nani alichukua mashamba ya nyanda za juu.

Uhuru ulipokuja, ofisi zilibadilisha wenyeji na mbinu ikabaki. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotoka chini ya wizara ya mipango ya Tom Mboya, ulibeba jina la ujamaa wa Kiafrika, lakini moyo wake ulikuwa ukuaji wa uchumi. Katika utangulizi wake Kenyatta alisema nchi inahitaji utulivu na imani, na kwamba haviwezi kupatikana tukiendelea na mijadala ya nadharia na mashaka kuhusu malengo ya jamii yetu. Basi waraka ukawa mwongozo, na mjadala ukatakiwa ufungwe. Ndani yake mlikuwa na uamuzi mzito kuliko hotuba zote za uwanjani: fedha za maendeleo ziwekezwe pale zitakapozalisha zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kuendelea. Mtu wa Turkana au Garissa akiuliza leo kwa nini lami ilichelewa kufika kwake, jibu liliandikwa mwaka 1965, kwa hesabu safi kabisa. Mchumi kijana aitwaye Barack Obama, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, aliuhakiki waraka huo mwaka huohuo, akihoji nani hasa atamiliki uchumi unaokua. Hakusikilizwa.

Mwezi Aprili 1965, Kandara, Kenyatta alimkabili hadharani Bildad Kaggia, mfungwa mwenzake wa kesi ya Kapenguria enzi za ukoloni, aliyekuwa akidai wasio na ardhi wagawiwe bure. Akawataja wenzao wengine wa gerezani: huyu ana kahawa, yule ana nyumba kubwa na shamba, mwingine ana mabasi. Kisha akamuuliza Kaggia, je, wewe umejifanyia nini? Kila ninapokutana na kisa hicho najiuliza waliokuwa wamesimama pale, wengi wao bila shamba, walimezaje swali lile. Kaggia alikuwa amewadai haki. Akapimwa kwa mali yake mwenyewe, akaonekana hafai. Mwaka uliofuata alijiunga na chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union), na mwaka 1969 chama hicho kikapigwa marufuku.

Sisemi kwamba maendeleo yalikuwa hadaa. Katika muongo wa kwanza wa uhuru uchumi ulikua kwa takriban asilimia 6 kwa mwaka, shule za harambee zikachipuka kila kilima, na mama aliyekuwa akichota maji mtoni akaona bomba likifika sokoni. Mama huyo huwezi kumwambia kwamba amedanganywa. Nguvu ya fikra hii ndiyo hiyo, ina ukweli ndani yake. Na kwa kuwa ina ukweli, ilifaa sana kufunikia maswali mengine.

Moi alipoingia mwaka 1978 alikuta kila kitu kipo tayari. Alichoongeza ni kukaza. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Redio ilianza habari kwa yale aliyoyasema Mtukufu Rais, na mara nyingi aliyoyasema yalikuwa juu ya miradi. Na kulikuwa na onyo lililojulikana na kila mtoto wa shule: siasa mbaya, maisha mabaya. Katika maneno hayo manne imo nadharia nzima ya utawala. Siasa ni hatari kwa sufuria yako. Waachie wenyewe.

Desemba ileile, hospitalini

Kuna jambo lililotokea sambamba na mnara ambalo sijaona likisimuliwa pamoja nao, na linastahili. Tangu mwaka 1980 Kenya ilikuwa ikichukua mikopo ya Benki ya Dunia yenye masharti ya kurekebisha uchumi, na sharti mojawapo lililorudiwa lilikuwa serikali ipunguze matumizi ya huduma za jamii. Mwezi Desemba 1989, ua likiwa limeshazungushwa Uhuru Park, hospitali za serikali zilianza kuwatoza wagonjwa ada. Mtu aliyezoea kuingia zahanati na kutibiwa bila malipo aliambiwa achangie. Idadi ya waliofika hospitalini ilishuka, na mwezi Septemba 1990 sehemu ya ada hizo ikasitishwa kwa muda.

Serikali iliyokuwa ikimwambia mgonjwa kwamba hakuna fedha ilikuwa tayari kukopa dola milioni 200 kwa ajili ya makao makuu ya chama. Yote mawili, ada na mnara, yalitetewa kwa neno maendeleo. Hilo halikuwezekana ila mahali ambapo neno hilo limeacha kuwa hoja inayopimwa na limekuwa kibali.

Alivyoshinda

Wangari alizungumza kuhusu miti na hewa, ndiyo. Alizungumza pia kuhusu haki ya maskini wa jiji kuwa na mahali pa kupumzika. Lakini soma tena barua zake kwa makini: pale zilipouma ni kwenye hesabu. Nchi yenye deni kubwa inakopa tena ili ijenge nini? Nani atalipa? Kwa balozi wa Uingereza aliuliza kama wao wangekubali mnara kama huo ndani ya Hyde Park ya London, au Wamarekani ndani ya Central Park ya New York. Swali hilo liliwafikia wenye fedha. Magazeti ya nje yakaandika. Wafadhili, ambao Kenya ilikuwa ikiwategemea kila mwaka kuziba bajeti, wakaanza kuuliza inakuwaje nchi inayoomba msaada ijenge kitu kama hicho.

Mwezi Januari 1990 serikali ikatangaza kwamba mradi utapunguzwa. Ghorofa zikashuka karibu nusu. Kisha fedha hazikuja, na mradi ukafa polepole bila tangazo la kishujaa. Hatimaye ua likang'olewa.

Naupenda ushindi huu, na bado unanisumbua. Wangari alishinda mahali ambapo maamuzi yalikuwa yakifanyika kweli, nako hakukuwa Bungeni, wala mahakamani, wala kwenye sanduku la kura. Kulikuwa kwa wakopeshaji. Aliyafungua madaftari ya maendeleo yenyewe akaonyesha kwamba hesabu haikubali, na waliosadiki walikuwa watu wa Washington na London. Je, kama mradi ungekuwa na faida? Je, kama mnara ungejilipia mkopo wake kwa miaka 10, na bado ukawa umechukua bustani ya umma bila kuuliza umma? Kwa hoja zilizofaulu mwaka 1990, ungejengwa. Swali la Wangari la kwanza kabisa, nani ameidhinisha, lilibaki bila jibu.

Ndiyo maana nadhani tukio kubwa kuliko yote katika kisa hiki ni lile lililoonekana dogo, uamuzi wa Mahakama Kuu. Jaji hakusema kwamba jengo ni halali. Hakufika huko. Alisema mlalamishi hakudai kwamba kampuni aliyoishtaki, Kenya Times Media Trust, imevunja haki yake yoyote, ya binafsi au ya umma, wala kwamba itamdhuru yeye kama yeye. Ana maoni makali kwamba ni afadhali jengo lisijengwe, lakini maoni hayampi mtu haki ya kushtaki. Mwenye kuutetea umma mahakamani ni Mwanasheria Mkuu. Yaani ofisi ya serikali ndiyo peke yake ingeweza kuishtaki serikali kwa niaba ya watu. Raia wa Nairobi aliambiwa na mahakama kwamba bustani ya umma haimhusu yeye kisheria.

Yaliyofuata

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuja kukaa Uhuru Park, kwenye kona ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner, wakigoma kula na kudai watoto wao waachiliwe. Wangari alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao, laana ambayo kila askari pale aliielewa. Baadaye waliendeleza mgomo wao ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache kutoka hapo, na kufikia mwaka 1993 wengi wa wafungwa waliachiliwa. Dai lao halikuwa na namba ya uchumi ndani yake. Hakuna mkopeshaji ambaye angelipigia hesabu. Na lilihitaji mahali pa wazi, katikati ya jiji, pasipo na mlinzi wa getini, ambapo watu maskini wangeweza kukaa na kuonekana. Kama mnara ungekuwepo, wangekaa wapi?

Sheria nayo ilibadilika taratibu. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 ilifungua mlango, na Katiba ya 2010 ikaupanua: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Ukisoma kifungu hicho sambamba na uamuzi wa Desemba 1989, unaona kimeandikwa kana kwamba kinamjibu Jaji Dugdale neno kwa neno.

Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, inayoendeshwa na kampuni ya Kichina kwa mkataba wa miaka 27. Wakazi wengi walijua baada ya uzinduzi kwamba ingemega Uhuru Park. Green Belt Movement na wananchi wakapiga kelele, na safari hii jibu lilikuja ndani ya siku chache: njia itasogezwa. Mwaka uliofuata mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, uliokuwa kwenye njia ya barabara hiyo, uliokolewa kwa amri ya rais. Ni hatua, siikatai. Lakini angalia kilichojadiliwa na kilichoachwa. Tulijadili ukingo wa bustani na mti mmoja. Hatukuulizwa kama jiji ambalo wengi wa wakazi wake hutembea kwa miguu au hupanda matatu lilihitaji kwanza barabara ya kulipia ya wenye magari. Hilo lilishaamuliwa, na aliyelihoji alijibiwa kama Wangari alivyojibiwa: unapinga maendeleo? Wakati huohuo, waliokuwa wakisisitiza hoja hiyo walitwambia tuache siasa, tuchape kazi.

Juni 2024 vijana walifanya jambo ambalo wangelishangaa waliokaa Bungeni mwaka 1989. Waliuchukua Mswada wa Fedha, uliokusudia kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi za kodi, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaonyesha ulikogusa mkate na data ya simu. Serikali ilijibu kwamba bila kodi hakuna barabara wala hospitali, na madeni hayatalipika. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wiki zile. Tarehe 26 Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada.

Walianza na hesabu, kama Wangari. Hawakukomea hapo. Mswada ulipoondolewa waliendelea kubaki barabarani, wakiuliza madeni hayo yalikopwa na nani, kwa idhini ya nani, na fedha zilikwenda wapi. Hawakuwa wakimwandikia balozi yeyote. Walikuwa wakiwauliza wabunge wao wenyewe, kwa majina, na mpaka leo wengi wa wabunge hao hawajajibu.